Sweta Lilitangulia: Siku Moja ya Baiskeli kutoka Lushoto Kuelekea Mtae

## Kisa kwa ufupi

Waendesha baiskeli watano kutoka Tanga mjini walipanga kwenda kutoka Lushoto hadi Mtae kwa siku moja. Hawakufika. Alasiri, katikati ya mvua ya manyunyu, mdogo wao, kijana wa miaka 19, alianza kupoa mwili kiasi cha kushindwa kushika breki. Walilala kijijini, na kesho yake wote wakaamka wazima.

Nimezungumza na kila mmoja peke yake, kwa ridhaa yao. Majina, mwaka na kijiji walicholala vimeachwa. Humu nawaita Kiongozi, Fundi, Mwalimu, Mzee na Kijana. Sikuwamo katika msafara. Niliombwa kuandika kwa sababu kila mmoja alikuwa na maelezo yake ya chanzo, na karibu wote walianza na mvua. Mvua ina sehemu yake, ila ni ndogo kuliko wanavyodhani.

## Usuli wa njia

Lami ya kwenda Lushoto inaiacha barabara kuu pale Mombo na kukwea kupitia Soni. Ni kilomita 33 tu, lakini ndani yake mtu anapanda karibu mita 1,000. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na wageni wengi wa baiskeli wakishafika pale hushusha pumzi wakidhani milima imekwisha. Ukishika njia ya Magamba unaanza kukwea papo hapo. Unapita msitu wa hifadhi, unatokea upande wa Lukozi, nchi ya kabichi, viazi na karoti, ambako fuso zinapakia mboga za kwenda Dar es Salaam. Kutoka hapo njia ni ya udongo mwekundu na inafuata migongo ya milima: inashuka bondeni, inapanda, inashuka tena. Mtae iko ukingoni kabisa mwa Usambara Magharibi, na chini yake ni tambarare ya Mnazi inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Kutoka Lushoto hadi huko ni kama kilomita 60.

Ilikuwa Julai. Kwa mtu wa Tanga mjini Julai ni mwezi wa raha, jua halichomi na upepo wa bahari ni mtamu. Juu milimani ni kipupwe hasa. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama 6, na hapo bado hujahesabu ukungu wala nguo iliyolowa.

## Watu na baiskeli zao

Kiongozi na Fundi walikuwa na baiskeli za mtumba za milimani, zenye gia nyingi na ringi za alumini. Mwalimu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, alikuwa na baiskeli ya gia yenye breki za diski. Kijana aliazimwa baiskeli ya gia iliyokuwa kubwa kidogo kwake.

Mzee ndiye aliyewatia wenzake wasiwasi kabla ya safari. Alikuja na baiskeli yake ya kila siku, ile ya Kichina ya chuma, haina gia, breki za vyuma, madigadi mawili na keria pana ya kubebea magunia. Kiongozi alimshauri aazime nyingine. Akajibu kwamba baiskeli hiyo imesomesha watoto wanne, haiwezi kushindwa na Mtae.

Mizigo ilifungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Kamba hiyo naiamini kuliko nyingi za dukani, inashika hata njia ikitikisa.

## Mpango

Kiongozi alipiga hesabu hivi: kilomita 60, mwendo wa kilomita 15 kwa saa, jumla saa nne, ongeza saa tatu za kula, kupiga picha na pancha. Wakiondoka saa 1:00 asubuhi watafika saa 8:00 mchana. Mwendo huo aliutoa kwenye safari zao za barabara ya Horohoro, ambayo ni lami na haina milima ya kusema.

Hesabu iliyofaa walikuwa nayo mkononi. Jana yake tu walikuwa wamepanda Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 za lami, kwa saa tano na ushee. Nilipomuuliza Kiongozi kwa nini hakuitumia, alisema ile waliihesabu kuwa "siku ya kupanda", na hii ya pili wakaiona ni ya kutembea juu kwa juu.

## Siku yenyewe

Asubuhi. Waliondoka saa 2:30 badala ya saa 1:00. Chapati zilichelewa, kisha ikaonekana Kijana jana yake alichoka sana, basi wakakubaliana kumpunguzia mzigo. Begi lake la nguo likahamia kwenye keria ya Kiongozi, aliyekuwa na nguvu kuliko wote. Kijana akabaki na fulana mwilini, koti jepesi la mvua, chupa ya maji na pakiti ya biskuti. Ndani ya begi lile kulikuwa na sweta lake, suruali kavu na soksi. Tendo lilikuwa la upendo, na hakuna aliyeliwazia zaidi.

Magamba hadi Lukozi. Magamba walifika saa 4:00. Msituni ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye miti bila mvua kunyesha. Hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: Mzee hakuachwa. Kwenye vilima alishuka na kusukuma, na wenye gia waliokuwa wakikanyaga pedeli kwa gia ya mwisho hawakumwacha mbali. Ukipanda mlima mkali na mzigo, baiskeli inakwenda kilomita tano au sita kwa saa, na mtu anayesukuma kwa miguu hayuko nyuma sana. Lukozi wakaingia saa 7:30 mchana, karibu na nusu ya njia. Walikunywa chai na andazi moja moja, wakisema watakula vizuri wakifika.

Mvua na kutengana. Waliondoka Lukozi saa 8:00. Nusu saa baadaye manyunyu yakaanza. Udongo mwekundu ukilowa unanata kwenye tairi, na kwa Mzee ulijaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Kila baada ya mwendo mfupi alisimama, akachokoa tope kwa kijiti. Kwenye miteremko alishuka na kutembea kabisa, kwa sababu ringi ya chuma ikishalowa mpira wa breki hauikamati. Unabana weee, baiskeli inaendelea kwenda. Mwalimu alibaki naye, na Kijana, aliyekuwa anakokota miguu, akabaki nao.

Kiongozi na Fundi waliona wakipunguza mwendo watapoa. Wakasema watatangulia kidogo na kusubiri mbele. "Kidogo" haikutajwa ni wapi. Simu zilikuwa zinashika mtandao mgongoni mwa mlima na kuupoteza bondeni.

Biskuti. Kama saa 9:40 Kijana alianguka kwenye kona, kwa mwendo mdogo, bila kuumia. Mwalimu alimwambia ale kitu. Kijana akatoa pakiti ya biskuti, akaivuta pembeni, akaivuta tena, akaigeuza upande wa pili. Vidole havikukamata karatasi. Akamrudishia Mwalimu pakiti ikiwa imefungwa vilevile na kusema hana njaa, na maneno yalitoka mazito kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Alikuwa anatetemeka tangu kitambo, lakini mpaka dakika ile kutetemeka kwake kulichukuliwa kuwa ni baridi ya kawaida.

"Sweta lako liko wapi?" Mwalimu akauliza.

"Kwa kaka, mbele."

Mzee alikuwa na mfuko mtupu wa mbolea chini ya keria, anautumia kufunika kiti. Akaukata kwa kisu matundu matatu, la kichwa na ya mikono, akamvalisha Kijana juu ya kila kitu ili kuzuia upepo. Wakaziacha baiskeli mbili kwenye ua wa mtu, wakamtembeza Kijana katikati yao mpaka kwenye mgahawa mdogo kijijini. Ilikuwa saa 10:00.

## Maamuzi ndani ya mgahawa

Mwenye mgahawa alikuwa mama mtu mzima. Mzee alimsalimu kwa Kisambaa, "Onga mshi," na kabla hajaeleza shida mama alikwishamtazama Kijana na kusogeza benchi karibu na jiko. "Mvueni hiyo fulana, mwanangu ataumwa," alisema, akaleta kanga mbili na blanketi.

Mwalimu alikuwa amewahi kupata mafunzo ya huduma ya kwanza shuleni kwake, na hapo ndipo yalipomfaa. Nguo mbichi zilitolewa kwanza. Kijana akaviringishwa blanketi hadi kichwani, akawekewa gunia chini ya miguu ili isikanyage sakafu baridi. Alipothibitisha kwamba anameza vizuri, Mwalimu akampa chai ya tangawizi yenye sukari nyingi, kikombe kwa kikombe, kisha wali na maharage. Kuna mteja aliyetaka kumsugua mikono na miguu kwa nguvu. Mwalimu akamzuia kwa adabu. Mtu aliyepoa hasuguliwi wala hapewi pombe, hata kama akinywa atajisikia moto kwa muda.

Kisha ukaja uamuzi mgumu. Nje palikuwa na bodaboda. Zilibaki kama kilomita 20, vyumba Mtae vilishawekwa, na Kijana mwenyewe alisema apelekwe. Mzee aliona ni wazo zuri. Dereva ndiye aliyesita: "Dada, upepo wa kule mgongoni ni mkali. Huyu akae motoni kwanza." Mwalimu akakubaliana naye, na hakuna aliyekwenda.

Saa 11:10 Kiongozi na Fundi walirudi. Walikuwa wamesubiri bondeni, kilomita kama nne mbele, bila mtandao, na walipoona kimya kimezidi wakaanza kupanda mteremko ule waliokuwa wameushuka kwa furaha. Kiongozi alifika na begi la Kijana keriani, kavu kabisa ndani ya nailoni.

Bado alitaka yeye na Fundi waendelee Mtae, wasipoteze vyumba. Mzee alimuuliza swali moja: "Jua linazama saa ngapi?" Saa 12:30, au kabla kidogo kwa mwezi ule, na kwetu huku karibu na ikweta giza likija halichelewi. Taa ilikuwa moja, ya Fundi. Kiongozi akanyamaza, kisha akaomba aelekezwe kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti alikuja mwenyewe, akakagua vitambulisho, akaandika majina yao kwenye kauntabuku na kuwatafutia nyumba yenye vyumba viwili.

## Matokeo

Kijana aliacha kutetemeka ndani ya saa moja na nusu, akiwa amepata rangi yake na kuanza kuuliza habari za simu yake. Hilo la kuacha kutetemeka huku amepata rangi ni muhimu, nitalirudia. Kesho yake kulipambazuka jua, na Mtae walifika saa 5:00 asubuhi.

Mpango wa siku ya tatu ulikuwa kushuka ukingoni kwenda Mnazi. Fundi alipokagua, mipira ya breki kwenye baiskeli ya Kiongozi ilikuwa imelika mpaka chuma kinakaribia kugusa ringi. Tope la Usambara lina mchanga mwembamba, na likiingia kati ya ringi na breki linafanya kazi ya msasa. Walikuwa na akiba ya mipira kwa baiskeli moja tu. Wakauacha mteremko, wakapakia baiskeli juu ya basi na kurudi Lushoto. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi bora kuliko yote ya safari hiyo, na ulichukua dakika tano.

## Uchambuzi

Mzigo uliohama. Kiini cha kisa kiko saa 2:30 asubuhi, Lushoto, si kwenye mvua ya alasiri. Kumpunguzia mzigo aliyechoka ni sawa na kila msafara hufanya hivyo. Kosa lilikuwa kuchagua begi badala ya kuchagua vitu. Sufuria, viatu vya ziada, kufuli, hata hema, vyote vinaweza kuhama. Sweta, chakula cha njiani, maji na taa havihami. Vinabaki kwenye baiskeli ya mwenyewe hata kama ni mgonjwa, kwa kuwa mgonjwa ndiye wa kwanza kuvihitaji. Tena angalia nani alipewa: mwenye nguvu kuliko wote, yaani yule ambaye mambo yakiharibika ndiye atakayekuwa mbali zaidi. Fundi naye alitangulia na zana zote. Kwa hiyo kuanzia saa 8:30 kila kitu cha kutatulia shida kilikuwa mbele, na wenye shida wote walikuwa nyuma.

Kutengana. Hoja ya Kiongozi kwamba kwenda polepole kungewapoza ina ukweli, na simlaumu kwa hilo. Lakini kutangulia kuna masharti: sehemu ya kukutana inatajwa kwa jina kabla ya kuachana, na anayetangulia husubiri mahali pa juu, kabla ya kushuka. Anayesubiri juu akirudi anateremka. Anayesubiri bondeni hulazimika kukwea, ndiyo maana kilomita nne ziliwala muda mrefu wakati ambapo Kijana alikuwa anahitaji sweta.

Hesabu ya kilomita. Milimani urefu wa njia haukwambii mengi. Chukua mtu, baiskeli na mzigo, jumla kilo 110. Kuvipandisha mita 100 kwa nguvu ya wati 100, ambayo mtu wa kawaida anaweza kuidumisha mchana kutwa akila vizuri, kunachukua dakika 18. Hiyo ni kama mita 330 za kupanda kwa saa, hata kama barabara ni ya lami mpya. Mombo hadi Lushoto kwa hesabu hiyo ni saa tatu za kukanyaga bila kupumzika, na wao kwa vituo vyao walitumia tano. Saa 10:00 pale mgahawani walikuwa wamekwenda kilomita 40 kwa saa saba na nusu, pamoja na vituo. Kilomita 20 zilizobaki zingetaka karibu saa nne, na mwanga ulibaki wa saa mbili na nusu. Hesabu hiyo ingeweza kupigwa Lukozi saa 7:30, palipo na vyumba, chakula na magari ya kurudi, ikatoa jibu lilelile kwa gharama ndogo zaidi.

Njaa. Andazi moja kwa saa tano za kupanda ni sawa na kutokula. Mwili unatengeneza joto kwa kuunguza chakula, na ukiishiwa, kutetemeka kwenyewe kunakosa nguvu. Nguo iliyolowa nayo inapoteza joto haraka mno, maana maji hupitisha joto kama mara 25 zaidi ya hewa. Kijana alikuwa na vyote viwili kwa pamoja, na juu yake uchovu wa jana.

Dalili. Mwalimu aliitambua hali kwa vidole na maneno, wala hakungoja azimie. Joto la mwili la kawaida ni nyuzi 37. Chini ya 35 mtu huanza kukosa uangalifu, hujikwaa, hula maneno, na mara nyingi hukataa msaada akisema yuko sawa. "Sina njaa" ya Kijana ilikuwa dalili sawa na vidole vyake. Na hapa narudi kwenye kuacha kutetemeka. Mtu akiacha kutetemeka huku anachangamka, amepata joto. Akiacha kutetemeka huku anasinzia na mwili bado ni wa baridi, hapo ni hospitali, na anabebwa kwa upole, amelazwa. Jioni ile wote walifurahi kuona kutetemeka kumeisha. Mwalimu peke yake alimgusa tumboni kwanza.

Bodaboda. Ingeonekana msaada na ingeleta madhara. Kilomita 20 za upepo juu ya mtu aliyelowa, asiyeweza kushika vizuri, nyuma ya pikipiki kwenye utelezi. Kwa mtu aliyevunjika mkono au aliyechoka tu, bodaboda ni jibu zuri. Kwa aliyepoa, kwanza moto, nguo kavu na chai, ndipo usafiri, na usafiri wenye paa.

Baiskeli ya Mzee. Wenzake bado wanaitaja kama sababu ya kuchelewa. Takwimu zao wenyewe zinakataa: hadi Lukozi, kwenye kupanda kote, hakuwachelewesha. Baada ya mvua ndiyo, madigadi na ringi za chuma zilimwangusha, na alikuwa na busara ya kutembea badala ya kujaribu bahati kwenye mteremko. Nimemshauri angalau afungue madigadi la nyuma akienda njia ya udongo, na abadilishe ringi ya mbele iwe ya alumini. La madigadi amelikubali. La ringi, anasema, italazimu kubadilisha na breki zake za vyuma zote, halafu nani atazitengeneza zikiharibika Mtae? Swali hilo Fundi hajalijibu bado.